Jumanne Yake, Jumatano Yangu

Baba alituacha Jumatano saa kumi alfajiri, hapa Kisumu. Kabla hatujampigia ndugu yangu aliye Chicago, baruapepe yake iliingia: "Mzee anaendeleaje?" Hadi leo anashikilia kwamba aliuliza Jumanne, Baba akiwa hai. Mimi nilikuwa nikimjibu, "Wacha hizo, ilikuwa Jumatano."

Juzi nilitazama mstari wa tarehe wa baruapepe ile: Jumanne, 21:10 -0500. Siku hiyo Chicago ilikuwa nyuma ya saa za dunia, UTC, kwa saa 5. Sisi tuko mbele kwa 3, yaani +0300. Kwetu ilikuwa Jumatano, 05:10. Kumbe sote tulisema kweli kuhusu siku.

Lakini kwa saa za Chicago, Baba naye alifariki Jumanne, 20:00. Majira hubadilisha jina la siku, hayabadilishi kilichotangulia.

Je, nimwambie? Kuna alama nyingine, -0000: inataja wakati wa UTC, inaficha mwandishi yuko majira gani. Nikinyamaza, ndiyo ninayoandika. Nitampigia leo, usiku wetu, mchana wake. Nitaanza na hili: uliuliza kwa upendo, na upendo haukuchelewa.