Kutawakali na Kupima Khatari

Wako watu wadhanio ya kuwa mwenye kupima khatari kabla ya kutenda amepungukiwa na imani. Dhana hiyo haisimami mbele ya khabari ya Seyyidna Umar.

Alikuwa safarini kwenda Sham, na alipofika Sargh aliambiwa ya kuwa tauni imeingia nchi ile. Nayo ndiyo tauni ya Amwas, ya mwaka wa 18 wa Hijra (639). Akawaita Muhajirina, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, nao vile vile. Kisha akawaita wazee wa Kikureishi, wakasema kwa neno moja arejee. Akaazimu kurejea. Abu Ubayda, amiri wa jeshi la Sham, akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akajibu ya kuwa anatoka katika kadari kwenda katika kadari. Kwani mwenye ngamia bondeni, akiwalisha upande wenye majani au upande mkavu, kote ni kwa kadari.

Hapana aliyejua kwa yakini litakalokuwa. Lakini kurejea kukiwa kosa, khasara ni safari, nayo hufanywa tena. Kuingia kukiwa kosa, khasara ni roho za watu, nazo hazirudi.

Kisha Abdurrahman bin Auf akaja na Hadithi ya Mtume: aliye nje ya nchi ya tauni asiingie, na aliye ndani asiikimbie. Abu Ubayda akabaki Sham na watu wake, akafa kwa tauni ile. Wote wawili walitawakali.

Basi mwenye kusimamia mali au roho za watu na atake shauri, apime, aazimu. Kisha mwisho wake amwachie Mola.