Chupa ya Soda Barazani

Mama mkubwa anaishi Kirumba, mwendo mfupi kutoka Mwaloni, na barazani kwake kuna makopo ya rangi na ndoo mbovu zaidi ya 15, zote zimepandwa maua. Mwaka jana visubi walianza kumdondokea kwenye chai. Akasema ni wa ziwani. Anayeijua Mwanza hatamlaumu: kuna siku, hasa mwezi unapoandama, wadudu hupanda juu ya maji kama moshi, na usiku wakishafuata taa, asubuhi unawazoa kwa ufagio.

Akawa anazima taa mapema na kufunga madirisha. Visubi hawakupungua. Siku niliyomtembelea niligusa kopo la mshubiri, wakaruka watano kutoka kwenye udongo wenyewe. Wale wa ziwani hukulia majini na kwenye tope la ziwa. Kopo la rangi haliwafai. Nikakwangua udongo kwa kijiko, nikaona mabuu wembamba, weupe, vichwa vyao vyeusi vinang'aa.

Kila akiosha dagaa au mchele, maji yale huyamwagia maua “yapate nguvu”. Majani ya chai huishia humo humo. Nusu ya makopo hayana tundu chini. Mabuu wale hula ukungu na taka zinazooza kwenye udongo uliolowa; wakizidi, huingia mizizi laini, na ua hunyong'onyea huku mwenyewe akidhani lina kiu, akaongeza maji. Nilimwambia ayaache makopo yakauke. Akanitazama kana kwamba nimemwambia amnyime mtoto uji.

Wiki iliyofuata mpwa wake alikuja kutoka Magu na chupa ya soda yenye dawa ya pamba, haina karatasi wala jina. Kifuniko kimoja kwa ndoo, alisema.

Visubi walitoweka siku 2. Ila maji yaliyovuja yalituama kwenye visahani vya chini ya makopo, na kuku hajui kusoma hata kama chupa ingeandikwa. Kufika adhuhuri kuku alikuwa amekufa na vifaranga vinne. Mjukuu wa miezi 10 alikuwa akitambaa baraza hiyo hiyo; bahati yake ni kwamba alikuwa amelala.

Linaloniuma ni hili: mama mkubwa aliuza samaki miaka mingi. Anaukumbuka mwaka 1999, Ulaya ilipokataa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu watu walikuwa wakivua kwa sumu za mashambani. Mpaka leo yeye huwataja wavuvi wale kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika. Na chupa ilikaa juu ya kabati lake, karibu na sukari.

Visubi walirudi kabla mwezi haujaisha, maana udongo ulikuwa bado chepechepe. Safari hii alikubali. Udongo wa makopo aliyoyatia dawa tuliutoa wote, mikono tumeifunga mifuko ya plastiki, tukapanda upya. Makopo yasiyo na tundu tukayatoboa kwa msumari wa moto, na juu ya udongo tukaweka mchanga mkavu, kina cha vidole viwili, maana kisubi hutaga kwenye unyevu. Kwa makopo ambayo hayakuguswa na dawa tulilaza vipande vya viazi ulaya juu ya udongo. Asubuhi mabuu wamejikusanya chini yake, unavitupa kwenye jiko la mkaa. Maji alimwagia pale tu kidole kikizama hadi kiungo cha pili kikatoka kikavu. Ilichukua kama wiki 5, kwa sababu mayai na mabuu waliokuwemo ilibidi wamalize zamu yao. Mishubiri miwili ilikwisha kuoza, haikupona.

Udongo ule wenye dawa tuliujaza ndoo mbili. Mpwa alitaka kuumwaga mtaroni. Mama mkubwa alisimama mlangoni.

“Mtaro huo unaishia wapi, baba?”

Ndoo ziko nyuma ya nyumba, zimefunikwa bati na kuwekewa jiwe. Kila mvua ikinyesha huenda kulitazama lile jiwe.