Ithibati na Uaminifu wa Elimu

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa gunia la viazi vya Uyole neno hilo ni kweli, maana mnunuzi huligusa, hulifungua na kulipima. Elimu haina mizani ya namna hiyo. Mzazi wa Mbeya au Iringa alipaye karo ya chuo hununua kitu asichokiona, na ubovu wake hudhihirika baada ya miaka, darasani au kando ya kitanda cha mgonjwa. Kwa hiyo elimu huhitaji shahidi.

Marekani, vyuo na shule vilianza kushuhudiana kwa kujiunga katika vyama mwishoni mwa karne ya 19. Kwetu, chuo kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, shahidi alikuwa Chuo Kikuu cha London, kilichotoa shahada zake. Chuo hicho kilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, serikali ikawa mzazi na shahidi pia. Katika miaka ya 1990 madhehebu ya dini yalianza kufungua vyuo. Iringa ilipata chuo cha Kilutheri, ambacho mwaka 2013 kilikuwa Chuo Kikuu cha Iringa. Ushahidi wa mzazi haukutosha tena. Sheria ya mwaka 1995 ikaunda baraza la ithibati kwa vyuo vya binafsi, na mwaka 2005 Tume ya Vyuo Vikuu ikachukua kazi hiyo kwa vyuo vyote, vya umma na vya binafsi.

Mwaka 2017 Tume ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Hapa pana swali la haki: chuo kikikosa, mbona kijana ndiye akoseshwe nafasi? Nasema shahidi anyamazaye humdhulumu kijana zaidi, kwani humwacha alipie jina tupu. Lakini shahidi asemaye kwa kuchelewa naye ana deni kwa wale waliokwisha kuingia.

Tena ithibati ina mpaka wake. Huhesabu walimu, vitabu na vyumba. Haihesabu dhamiri ya mwalimu asahihishaye mtihani peke yake usiku. Muhuri huweza kuzuia udanganyifu usiingie mlangoni. Kuutoa ule uliokwisha kukaa ndani ni kazi ya wenye nyumba.