Kutu na Deni

Yapo makosa yatendwayo kwa mkono, na yapo yatendwayo kwa kuukunja mkono. Hapa Tukuyu, katika wilaya ya Rungwe, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Banda langu la gari ndilo karakana yangu: humo hutia jembe mpini na kukaza miguu ya viti. Masika moja niliazima msumeno wa mzee jirani yangu, nikausahau sakafuni. Chuma kikikutana na maji na hewa hakingoji idhini ya mtu. Nilipoukumbuka ulikwisha kuliwa na kutu.

Niliusugua kwa msasa, nikaunoa kwa tupa, nikaupaka mafuta. Ukawa mkali kuliko nilivyoupokea. Je, ilinipasa kumwambia mwenyewe? Nafsi ilinong'ona kwamba jasho limekwisha kulipa deni. Lakini jasho hulipia chuma tu, halilipii amana. Mwenye kuazimwa ana haki ya kujua mali yake imo mikononi mwa nani.

Basi nilimrudishia msumeno pamoja na habari yake. Alipapasa meno, akanyamaza. Tangu siku ile hajanipa tena chombo chake, wala simlaumu. Ukweli ni haki ya mwenzetu. Hatumwambii ili atulipe.