Uzuri wa Mji na Deni la Mtazamaji

Mji mzuri hushitakiwa mara chache. Macho yakipendezwa, akili hupumzika, na ulimi hukimbilia sifa kabla moyo haujauliza swali. Walakini liko swali ambalo haki hulidai: je, mtu atembeaye kwa raha katika mji uliojengwa kwa jasho na vifo vya watu waliolazimishwa kuujenga ana ruhusa ya kuufurahia? Na kama anayo, anadaiwa nini? Miji iwezayo kuletwa mbele ya swali hili ni mingi, lakini ni michache ilistahiliyo kama St Petersburg, mji mkubwa wa Urusi ulio kando ya mto Neva.

Msafiri afikaye huko mwezi wa Juni hukuta usiku usio na giza. Jua huzama kwa muda mfupi, na mwanga hubaki angani kama wa alfajiri. Watu hutembea kando ya mto hata usiku wa manane, wakingoja madaraja yainuliwe ili meli zipite. Mchana, msafiri hufuata barabara pana ya Nevsky bila haraka, akavuka mifereji iliyojengewa kuta za mawe, mpaka akatokea katika uwanja wa Jumba la Majira ya Baridi, ambalo Rastrelli alianza kulijenga mwaka 1754. Katikati ya uwanja husimama nguzo ya Alexander, iliyozinduliwa mwaka 1834: jiwe moja lenye uzito wa tani zipatazo 600, lisilofungwa kwa kitu chochote, likisimama kwa uzito wake lenyewe. Mbali kidogo, kuba la dhahabu la kanisa la Isaac hupanda zaidi ya mita 100. Na ndani ya Hermitage, hazina iliyoanzishwa na malkia Catherine II mwaka 1764, vimo vitu zaidi ya milioni 3. Wiki nzima haitoshi kuvitazama, na msafiri mwenye busara hachoki kwa kutaka kuvimaliza, bali huchagua vichache akavikalia.

Wahenga walisema kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Katika mji huu, ndani mna kitu kizito kuliko mti. Mwaka 1703 mfalme Peter aliamuru mji ujengwe juu ya kinamasi alichokuwa amekiteka vitani kutoka kwa Wasweden. Watwana na wakulima waliletwa kwa maelfu, mwaka baada ya mwaka, kutoka pembe za mbali za nchi. Walichimba na kubeba udongo katika maji na baridi, na wengi walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Mwaka 1714 mfalme alikataza nyumba za mawe zisijengwe mahali pengine popote katika Urusi, ili waashi wote wautumikie mji wake. Dhahabu ya kuba la Isaac iliyeyushwa katika zebaki, kisha zebaki ikafukuzwa kwa moto. Mafundi walivuta mvuke wake, na wako waliokufa kwa sumu hiyo. Jumba la Majira ya Baridi lilipoungua Desemba 1837, mfalme Nicholas I alitaka lisimame tena kwa muda wa mwaka mmoja tu. Custine, Mfaransa aliyeizuru Urusi mwaka 1839, aliandika kwa uchungu juu ya wafanyakazi waliokufa katika haraka ile, wakitoka katika vyumba vilivyopashwa moto mkali na kuingia katika baridi ya nje.

Basi mtazamaji afanye nini? Wako wasemao kuwa wafu wamekwisha kufa, na jiwe halina hatia. Kwa hiyo na afurahi. Maneno haya ni nusu ya kweli. Jiwe halina hatia, lakini mtu anayelitazama ana akili, na akili haiwezi kujifanya jiwe. Furaha inayohitaji kutojua ili iishi ni furaha dhaifu.

Wengine husema kinyume: uzuri uliopatikana kwa dhuluma ni haramu, na mwenye utu augeuzie uso. Msimamo huu una heshima, bali hauna faida. Mfalme aliamuru nguzo, lakini hakuichonga. Mikono iliyoikata katika mwamba na kuilainisha ilikuwa mikono ya watu wasiotajwa. Kila mstari ulionyooka katika jiwe lile ni ushahidi wa ustadi wao, na aghalabu ni ushahidi pekee waliouacha. Anayekataa kuutazama hamwadhibu mfalme. Huwazika mafundi mara ya pili.

Iko kauli ya tatu, nayo ni tamu na ya hatari kuliko hizo mbili. Husemwa kwamba wajenzi walijitolea, kwamba maisha yao yalikuwa sadaka kwa ajili ya utukufu wa taifa. Sadaka ni kile mtu anachotoa, anyang'anywaye hatoi. Mtwana aliyesukumwa kwenye tope hakuulizwa kama aupenda mji. Kumwita mtoaji ni kumnyang'anya kwa mara nyingine: kwanza alipokonywa uhai wake, sasa anapokonywa hata malalamiko yake.

Mji uleule unafundisha tofauti hii kwa mfano wa kweli. Kuanzia Septemba 1941 hata Januari 1944, ulipokuwa ukiitwa Leningrad, ulizingirwa na majeshi ya Wajerumani na wenzao kwa siku 872. Mwishoni mwa mwaka 1941 posho ya mkate kwa watu wengi ilikuwa gramu 125 kwa siku, na mkate wenyewe haukuwa wa unga mtupu. Katika makaburi ya Piskaryovskoye peke yake wamelala karibu watu nusu milioni. Wakati ule, karibu na kanisa la Isaac, wataalamu wa mimea walitunza mbegu zilizokusanywa na Nikolai Vavilov na wenzake kutoka pande nyingi za dunia, Ethiopia ikiwa mojawapo. Palikuwa na mpunga, karanga, ngano na viazi. Kadhaa kati ya walinzi wa hazina hiyo walikufa kwa njaa, na mbegu hawakuzila. Mlango ulikuwa mikononi mwao, na chakula mbele ya macho yao. Hao walitoa. Vavilov mwenyewe hakutoa: alikufa mwaka 1943 katika gereza la serikali ya nchi yake. Anayemwekea yeye na walinzi wale neno moja la sadaka hajawaheshimu wote, amewachanganya.

Msafiri atokaye Afrika ana jaribu lake la pekee katika mji huu. Mshairi mkuu wa Warusi, Pushkin, alikufa mwaka 1837 katika nyumba iliyo kando ya mto Moika. Na babu wa mama yake, Abram Gannibal, alikuwa mtoto wa Afrika aliyeshikwa utumwani, akapelekwa kwa mfalme Peter, akasoma, akawa mhandisi wa jeshi na jenerali. Ni rahisi kifua kijae fahari hapo. Lakini Gannibal huyo alizawadiwa shamba pamoja na watwana wake, naye akawa bwana wa watu. Kudhulumiwa peke yake hakumfundishi mtu uadilifu. Anayetaka kuhesabu deni la St Petersburg asiache ukurasa wa ndugu yake wazi kwa sababu ni ndugu.

Pushkin mwenyewe alionyesha njia. Katika utenzi wake wa mwaka 1833 juu ya sanamu ya Peter akiwa juu ya farasi, aliusifu mji kwa mapenzi yasiyo na unafiki. Kisha akasimulia habari za karani maskini aliyempoteza mchumba wake katika gharika ya mwaka 1824, akapatwa na wazimu, akamtishia mfalme wa shaba. Sifa haikufuta lawama, wala lawama haikufuta sifa. Kipingamizi cha mfalme Nicholas I kikauzuia utenzi huo usitolewe mzima katika uhai wa mshairi, kwa maana watawala huvumilia sifa peke yake kwa urahisi zaidi.

Wakati wa mazingiwa, picha za Hermitage zilikuwa zimepelekwa mbali kwa usalama, na fremu tupu zikabaki ukutani. Mtumishi mmoja wa jumba aliwatembeza askari mbele ya fremu hizo, akiwaeleza kwa makini picha ambazo hazikuwapo. Kuona kwa namna hiyo ndiko mji huu unakowadai wageni wake: kutambua pia asiyekuwapo. Msafiri na afurahi, maana furaha yake haimuumizi mfu. Na aulize, maana swali lake ndilo heshima ya pekee aliyobaki nayo kumpa. Halafu arudipo kwao na kusimulia aliyoyaona, asiseme kwamba Peter alijenga mji. Aseme kwamba Peter aliamuru, na watu walijenga. Kwamba wengine walitoa, na wengine walinyang'anywa. Deni hilo halilipwi kwa fedha wala kwa huzuni. Hulipwa kwa kusema kweli.