Mamajusi na Mhunzi Katika Bweta la Franks

Bweta la Franks, kasha dogo la mfupa wa nyangumi lililochongwa kaskazini mwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 8, linaibua swali zito la kiimani, nalo ni iwapo sura takatifu inanajisika kwa kuwekwa ubavuni mwa hadithi ya kipagani. Upande wa mbele, kulia, Mamajusi watatu wanamwendea Maria na Mtoto wakiwa na zawadi, na juu yao jina lao limechongwa kwa runi, yaani herufi za kale za watu wa kaskazini mwa Ulaya. Kushoto yupo Weland, mhunzi wa ngano za Kijerumani aliyetiwa utumwani na mfalme, na chini ya fuawe yake kimelala kiwiliwili cha mwana wa mfalme huyo, ambaye fuvu lake limegeuzwa kikombe. Kuuita upande huo wa kushoto pambo tu ni kumpunja mchongaji, kwani kikombe cha kisasi anachopewa binti wa mfalme kinakabiliana waziwazi na zawadi za ibada, na Mkristo wa Northumbria, ufalme wa huko kaskazini mwa Uingereza ambako Mfalme Edwin alibatizwa mwaka 627, bado alizijua vyema hadithi zote mbili.