Vibaba Thelathini

Abdallah bin Amr bin al-As alikuwa kijana wa aina ambayo kila msikiti unaye mmoja. Alifunga kila siku. Usiku alisimama akisali mpaka alfajiri. Baba yake, Amr, yule ambaye baadaye aliongoza jeshi lililoiteka Misri, alimwoza binti wa ukoo mzuri, kisha akawa anapita mara kwa mara kumuuliza mkwewe habari za ndoa. Mkwe alijibu kwa adabu inayouma: mume wake ni mtu mwema sana, ila tangu aolewe hajakanyaga kitanda chao. Habari ikafika kwa Mtume, naye akamwita kijana na kumkumbusha kwamba mwili wake una haki zake, na mke wake pia. Kilichofuata ni kama mapatano ya bei sokoni, isipokuwa mnunuzi ndiye anayepandisha. Mtume akamwambia siku tatu za kila mwezi zinatosha. Abdallah akasema anaweza zaidi. Akaongezewa. Akasema anaweza zaidi. Mwisho wakafika kwenye funga ya Nabii Daudi, siku moja kufunga na siku moja kula, na hapo mlango ukafungwa. Katika kuhitimisha Kurani ilikuwa hivyo hivyo: alianza kwa kuambiwa mara moja kwa mwezi, akabishana mpaka ikawa kila siku saba.

Mihadhara mingi niliyoisikia huishia hapo, na funzo huwa ni kutopitiliza mipaka. Lakini wapokezi wa hadithi waliihifadhi na sehemu ya pili, na mimi ndiyo ninayoipenda. Abdallah alizeeka. Mtume alikuwa amekwishafariki miaka mingi, mwili ukawa mzito, na yule aliyekuwa akisema anaweza zaidi akawa anasema laiti angeukubali ule wepesi alipopewa. Hata hivyo hakuacha. Alipozidiwa alikula siku kadhaa mfululizo, akazihesabu, kisha akafunga idadi ile ile baadaye. Sehemu yake ya Kurani ya usiku aliisoma kwanza mchana mbele ya watu wa nyumbani kwake, ili usiku isimlemee. Hakutaka kuacha jambo ambalo Mtume alimwacha akiwa nalo.

Swali langu ni hili: mzee yule alikuwa anamwabudu Mungu, au alikuwa analipa deni la kijana ambaye hayupo tena?

Kwanza nimtetee kijana. Ni rahisi kumcheka. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, tulikuwa wasichana sita katika korido moja ya bweni, na kila Ramadhani tulishindana. Nani amefika juzuu ya ngapi, nani ameamka saa tisa bila kuamshwa, nani hajakosa tarawehe hata usiku mmoja. Kulikuwa na daftari. Mtu wa nje angeona majivuno, na yalikuwepo kidogo, lakini mimi nilikuwa ndani na najua kulikuwa na kitu kingine zaidi. Mwili wa miaka 20 una nguvu kuliko kazi ulizonazo. Wengine nguvu hiyo huimalizia uwanja wa mpira, wengine kwenye mapenzi, wengine kwenye siasa za chuo. Sisi tuliitupa kwa Mungu, na tuliihesabu kwa sababu ujanani kila kitu huhesabiwa: alama, pesa, marafiki. Kumpa Mungu kilicho kingi kuliko vyote ulivyonavyo si unafiki. Ndiyo maana katika watu saba wanaotajwa kuwa chini ya kivuli siku ambayo hakuna kivuli kingine, yumo kijana aliyekulia katika ibada. Mzee aliyezeekea katika ibada hakutajwa.

Na hapo ndipo hukumu ya mtaani inapopata nguvu. Mzee fulani akiacha ulevi, watu husema si yeye aliyeacha pombe, pombe ndiyo iliyomwacha. Mama aliyekuwa mpenda ngoma akianza kuvaa baibui na kushika tasbihi, wanasema kaburi limeanza kumwita. Dini yenyewe kwa namna fulani inakubaliana nao. Kuna hadithi nyingine inayowataja watu watatu ambao Mungu hatasema nao: mzee mzinifu, mfalme mwongo na fukara mwenye kiburi. Wanazuoni wameieleza kwa hesabu moja: kila mmoja katika hao ametenda dhambi ambayo hali yake haikumsukuma kuitenda. Sasa igeuze hesabu hiyo. Kama dhambi isiyosukumwa na tamaa ni nzito zaidi, basi utii usiopingwa na tamaa lazima uwe mwepesi zaidi. Plato naye anatuonyesha mzee wa namna hiyo mwanzoni mwa kitabu chake cha Jamhuri. Cephalus anamwambia Socrates kwamba uzee umempa raha kwa kumwondolea tamaa za mwili, na pia kwamba mtu akikikaribia kifo huanza kuziogopa zile hadithi za kuzimu alizokuwa akizicheka. Mjadala ukianza kupamba moto, anamwachia mwanawe na kuondoka zake kwenda kutoa sadaka. Vijana wanabaki wakibishana haki ni nini. Wasomaji wengi humwona Cephalus kuwa mtu mwoga, au mvivu wa kufikiri.

Ningekuwa sina bibi, ningeikubali hesabu hiyo na kuendelea na shughuli zangu.

Bibi yangu ana miaka 76, anakaa Ngamiani, Tanga, na ana kisukari cha muda mrefu. Juzijuzi tu alianzishiwa sindano za insulini, na daktari akamwambia wazi kwamba funga ya Ramadhani basi. Bibi akaitikia kwa adabu zote. Siku ya nne ya mfungo, alasiri, tukamkuta amelala kwenye mkeka, kanga imelowa jasho, anataja majina yasiyo yetu. Mashine ya kupimia ikaonyesha sukari imeshuka vibaya. Mama akamlazimisha kunywa maji ya sukari huku analia. Kumbe alikuwa anajidunga dawa kama alivyoelekezwa, na chakula cha mchana tulichomwekea akiwapa watoto wa jirani ambao bado hawajafikia umri wa kufunga.

Nyumba iligawanyika. Mjomba wangu mkubwa alisema tumwache. Mtu amefunga maisha yake yote, akichukuliwa akiwa na funga ni heshima, si msiba. Mimi nilisimama na daktari, na mpaka leo nimesimama hapo hapo, kwa sababu dini haikumruhusu mtu kujiangamiza kwa jina lake. Akaitwa ustadhi wa mtaa. Akakaa barazani, akamwelewesha bibi taratibu: mgonjwa asiyetarajiwa kupona ameondolewa funga, badala yake atoe fidia, kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Na aliyeamrisha funga ndiye huyo huyo aliyetoa ruhusa, kwa hiyo kuikataa si ucha Mungu zaidi.

Bibi akasema, "Nimekusikia, mwanangu." Ustadhi alipoondoka akanigeukia. Bibi huniita mke mwenzake, kwa ule utani wa bibi na mjukuu.

"Mke mwenzangu, macho hayasomi tena msahafu. Magoti hayashuki, nasali kwenye kiti kama niko hospitali nangoja zamu. Mlichoniachia kilikuwa funga. Nayo mmeichukua. Sasa mimi nitakuwa nani?"

Sikuwa na jibu, na ustadhi naye nadhani asingekuwa nalo, maana bibi hakuuliza swali la fikihi.

Kuna jambo moja ambalo wanaume wanaotoa mihadhara ya Ramadhani hulipita haraka. Mwanamke anaijua ruhusa kuliko wao. Bibi amefunga tangu hajavunja ungo, na amezaa watoto saba. Katikati hapo kuna miezi ya hedhi, mimba, arobaini, kunyonyesha, na siku zote zile alizokula aliziandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko na kuzilipa moja moja kabla ya Ramadhani nyingine kuingia. Maisha yake yote ruhusa ilikuwa mkopo. Unakula leo, mwili wako utalipa kesho. Hii ya sasa ndiyo ya kwanza ambayo mwili hautalipa kamwe. Kilichomuuma kilikuwa kuambiwa kwamba mwili wake hautegemewi tena, hata kwa deni. Njaa hakuijali.

Kwa hiyo ile hesabu ya tamaa imekosea mahali. Inadhani vishawishi ni pombe na zinaa tu, na kwamba vikiondoka mzee amebaki hana cha kupigana nacho. Uzee una vishawishi vyake, nami sioni kama ni vyepesi. Kuna uchungu dhidi ya walio hai na wazima. Kuna kuigeuza ibada ya zamani kuwa cheo. Kuna kung'ang'ania nguvu ambayo Mungu mwenyewe ameichukua. Kijana huombwa atoe alichonacho. Mzee huombwa aachie mpaka na kule kutoa kwenyewe, akae apokee wepesi kama mtoto, mbele ya wajukuu wanaomtazama. Sijui kama mimi nitaliweza hilo kwa urahisi kuliko nilivyoliweza lile daftari la bwenini.

Nilipokuwa namlinda ale, nilianza pia kuzisikia dua zake. Za kwangu nazijua: nipe, nifaulishe, nipate, niepushe. Za bibi zina "nipe" chache sana. Zimejaa majina. Mama yake, wifi zake, mtoto wake wa tatu aliyefariki mdogo, shoga yake wa Pangani waliyekuwa wakifuturu pamoja, mwalimu wake wa chuo aliyemchapa kwa kukosea herufi. Swala yake kwenye kiti huisha kwa dakika chache, majina huchukua karibu nusu saa. Yale majina aliyokuwa anayataja akiwa kwenye mkeka ndiyo hayo.

Hapo ndipo nilipodhani nimemwelewa Abdallah. Kijana alifunga kwa ajili ya Pepo, jambo lililo mbele. Yule mzee, miaka mingi baadaye, alifunga kwa sababu kuna mtu alizungumza naye mara moja, wakapatana, kisha mtu huyo akafa. Kila siku aliyoilipa ilikuwa namna ya kuwa bado katikati ya mazungumzo yale. Labda ni ukaidi. Mimi nauita uaminifu, ingawa wa Abdallah ulikuwa katika sunna, ambayo angeweza kuiacha bila lawama, na hakuwa na sindano za insulini.

Tofauti ya bibi na yeye ni kwamba bibi ilibidi atafute uzi mwingine wa kumshika mama yake. Ana kibaba cha bati alichokirithi kwake, kimebonyea upande mmoja. Tulitaka kununua mfuko wa mchele, tuupeleke msikitini, mambo yaishe. Akakataa. Vibaba 30 ni pishi saba na nusu, hazifiki hata kilo 25, lakini alitaka kuupima mwenyewe, siku kwa siku, kibaba kimoja kila alasiri, na mtoto mmoja aupeleke kwenye nyumba anayoitaja yeye. Bati analijaza mpaka mchele unamwagika, halafu hasawazishi kwa mkono.

Mwaka huu aliomba kitu kimoja tu, aamshwe daku. Saa kumi usiku anakaa na sisi, anakula wali wa nazi kidogo na kunywa chai isiyo na sukari. Saa saba mchana anakula tena, chumbani kwake, mlango ameurudishia.